Komite ya shule: jina tunalisikia, watu hatuwajue



Leo nataka tujikosoe sisi wenyewe. Siku moja tulikuwa watu kumi na mmoja kwa meza, wote tuna diplome ao tuko karibu kuipata, na mazungumzo yakafika kwa masomo ya bure. Kila mutu alikuwa na la kusema. Serikali ilikimbilia mbio, waziri alikosea hapa, maaskofu walipashwa kusema vile, walimu wanaonewa. Kisha nikauliza swali moja: nani kati yetu anaweza kutaja watu wa komite ya wazazi ya shule ya msingi ya kijiji chake? Mutu mmoja tu alijibu. Yeye naye alijua jina la prezida peke yake, sababu ni mukwe wake. Na mimi niliyeuliza, miezi michache mbele ya hapo sikujua hata jina moja.

Njo maana ninaandika. Tunajua majina ya mawaziri wa Kinshasa, hata wale walioachishwa kazi. Lakini watu wanaokaa na direkta na kuamua mutoto alipe nini, mlango gani utengenezwe, feza inayotoka kwa serikali itumike namna gani, wale hatuwajue. Na hawako mbali. Tunakutana nao kwa soko, tunasali nao siku ya Mungu.

Jambo lenyewe lilianzia kwa mutoto. Kaka yangu mukubwa alikuwa na shamba la kakao upande wa Beni. Mwaka wa 2021 alikimbia na familia yake, sawa vile watu wengi sana wamekimbia kule tangu mauaji yaanze Oktoba 2014. Akafika kwa kijiji cha baba yetu mudogo, si mbali sana na barabara ya Butembo kwenda Beni. Sitataja kijiji wala shule. Mambo nitakayosema yanaweza kuwa ya shule nyingi, na watu wa pale wako bado wanaishi pamoja.

Binti ya kaka alikuwa kwa mwaka wa sita. Karibu na mwisho wa mwaka wa masomo, akarudishwa nyumbani pamoja na wengine: kila mutoto alete 6 000 FC. Kaka alikuwa na watoto watatu kwa shule ile, kwa hiyo ni 18 000. Mutu mwenye kulima shamba la kukopeshwa, na mavuno hayajafika, 18 000 atatoa wapi? Binti akakaa nyumbani siku tisa, wakati wenzake wanarudilia masomo ya mtihani wa mwisho wa msingi.

Kaka akaniita kwa simu. "Mudogo wangu, si walisema masomo ni bure? Sasa hii feza ni ya nini?" Mimi mwenye lisansi, sikuwa na jibu. Nikamwambia amuulize direkta. Direkta akamujibu kwa upole kabisa: "Muzazi, si mimi. Ni komite ya wazazi njo ilikata neno."

Hilo neno tunalisikia kila mahali. Ni komite ilikata. Tunalipokea sawa vile tunapokea mvua, na hakuna mutu anaendaka kuuliza mvua maswali. Kaka akanyamaza. Lakini komite ya wazazi si mvua. Ni watu, tena watu waliochaguliwa na wazazi, na kaka yangu ni muzazi. Basi nikapanda moto siku ya posho, nikaenda kuwatafuta.

Niliuliza kwanza mama mwenye kuuza mandazi kando ya shule. Ana watoto wawili mule. Akacheka: "Komite? Ile haionekanake. Tunaonaka karatasi yake tu." Nikauliza mwalimu mmoja. Akasema prezida alihamia Butembo zamani, na watoto wake sasa wako wanasoma mujini. Karatasi ikiwa ya kusaini, motari anamupelekea. Mwishowe direkta mwenyewe akafungua kabati, akanionyesha listi. Alikuwa mutu wa heshima, hakukataa. Kulikuwa majina matano. Prezida, yule wa Butembo. Mudogo wake kwa kazi, mutu ambaye mwalimu hakumjua sura. Mwandishi, ndugu ya mwalimu mmoja. Muweka feza, mama moja ambaye nilienda kumusalimia, akaniambia kwamba hajawahi kushika kisanduku wala daftari. Na wa tano, mshauri: baba yetu mudogo. Yule yule ambaye kaka analala kwa nyumba yake.

Nilimukuta anakausha kahawa. Nikamusalimia kama inavyofaa, tukaongea habari za watu wa nyumba, kisha nikamuuliza.

"Mimi? Ndiyo, walinitia mule," akasema. "Ilikuwa mkutano wa mwanzo wa mwaka. Direkta akasema, huyu ni muzee anaheshimika, munamukubali? Watu wakapiga makofi."

"Na ile karatasi ya 6 000, baba?"

"Waliileta hapa nyumbani, nikasaini. Miwani yangu ilivunjika tangu Noeli, mwanangu. Waliniambia ni ya shule. Mambo ya shule, mimi nitaikatalia nini?"

Basi mutu aliyefukuza mjukuu wake kwa darasa alikuwa yeye mwenyewe, na hakujua. Kila magaribi wanakula kwa sahani moja. Sikusema neno. Ungekuwa wewe, ungesema nini?

Ningeweza kufunga hapa, kwa kusema direkta ni mubaya na wazee ni wajinga. Lakini huo ungekuwa uongo. Tuangalie kwanza namna tulifika hapa.

Mwaka wa 1974 serikali ya Zaire ilichukua shule zote mikononi mwa makanisa. Haikuweza kuziendesha. Tarehe 26 Februari 1977 ikasaini mkataba na makanisa: serikali ingelipa walimu na kutunga programu, makanisa yangesimamia shule kila siku. Mkataba ule njo uko bado chini ya mambo yote. Kwa hiyo hapa kwetu ukiuliza shule ni ya nani, jibu lina vichwa viwili. Shule nyingi za vijiji vyetu ni za Wakatoliki ao za CBCA, Waadventista nao wana zao, lakini mshahara na programu ni vya serikali. Kichwa kimoja kiko Kinshasa na kwa ofisi ya sous-division. Kingine kiko kwa ofisi ya mwenye kusimamia shule, kwa parokia ao kwa kanisa. Muzazi wa kijiji anaona direkta tu.

Kisha mwanzo wa miaka ya 1990 feza ya serikali ikaanguka, mishahara ikakosa maana, walimu wakagoma. Shule zingefungwa kabisa. Wazazi wakakubali, na Kanisa Katolika lilisukuma sana mpango huo, kwamba watamupa mwalimu kitu kidogo ili asiache darasa. Wakaita ile feza primu. Ilisemwa ni ya muda. Ikadumu zaidi ya miaka ishirini na tano. Na katika miaka yote ile, kazi kubwa ya komite ya wazazi kwa shule nyingi ikawa moja: kukaa na direkta mwezi wa kenda, kukata bei ya primu, kusaini. Vizazi viwili vya wazazi vilijifunza hivyo. Mutu wa komite ni mutu anayesaini bei.

Kwa maandishi, mambo ni mengine. Katiba ya 2006, kwa kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi ni ya lazima na ya bure kwa shule za serikali. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inahesabu wazazi kama washirika katika elimu. Na kwa kila shule kunapashwa kuwa vikundi viwili. Cha kwanza ni COPA, komite ya wazazi, inayochaguliwa na wazazi wote wakikutana. Cha pili ni COGES, komite inayosimamia kazi na mali ya shule, ambamo direkta anakaa pamoja na wawakilishi wa walimu na wa wazazi. Kwa maneno mengine, kila feza inayoingia kwa shule inapashwa kuonwa na macho ya muzazi mmoja angalau. Si muzazi wa kusaini tu. Ni muzazi wa kuona.

Mwezi wa kenda 2019, Prezida Tshisekedi akaanzisha masomo ya bure kwa msingi. Madarasa yakajaa. Watoto waliokuwa nyumbani ao kwa mashamba wakarudi kwa shule, na hilo ni jambo kubwa ambalo hatupashwe kulizarau. Lakini angalieni kilichotokea kwa komite. Kazi ile moja waliyoijua, ya kukata bei, ikaondolewa kwao siku moja, kupitia redio. Na hakuna mutu aliyepita kijiji kwa kijiji kuwaambia: sasa kazi yenu ni hii ingine, kuangalia feza ya serikali inayokuja kwa shule, kuangalia mwalimu anafundisha, kuwaita wazazi na kuwapa hesabu. Komite ikabaki na kalamu bila kazi. Basi mutu akileta karatasi, wanasaini, sababu njo walizoea.

Huo ni ukosoaji wangu wa kwanza, na unaelekea kwa wale walioleta masomo ya bure. Walifikiri kuondoa bei kunatosha.

Ukosoaji wa pili unaelekea kwa shule ile, na nataka niseme ukweli wote. Zile 6 000 hazikuibiwa. Nilipoendelea kuuliza, direkta alinieleza: watoto wamezidi, sababu ya masomo ya bure na sababu ya watu waliokimbia vita, akaongeza walimu wawili, na walimu wale hawajaingia bado kwa listi ya mshahara ya serikali. Kila mutu hapa anajua walimu wa namna ile, wanaofundisha mwaka baada ya mwaka wakingojea nambari ya mshahara. Mwalimu yule naye ana watoto, naye anakula. Direkta alikuwa na shida ya kweli.

Lakini kama shida ni ya kweli, kwa nini isisemwe mbele ya watu? Wazazi wangeitwa chini ya muti, wangeambiwa: tuna walimu wawili bila mshahara, tufanye nini? Wengine wangetoa feza, wengine maharagi, wengine siku mbili za kulima shamba la mwalimu. Watu wetu wanajua likirimba, wanajua salongo, hawafundishwe kusaidiana. Na yule asiye na kitu, mutoto wake angebaki kwa darasa. Badala yake, shida ya kweli ilifungwa ndani ya karatasi yenye saini tano, na mutoto wa mwaka wa sita njo aliyelipa kwa siku tisa za masomo. Musaada ambao unafukuza mutoto si musaada tena, ni bei. Na bei kwa msingi, Katiba imekwisha kuikataa.

Kuna jambo lingine ambalo lilinigusa zaidi. Kaka yangu hakuitwa kwa mkutano wa mwanzo wa mwaka. Wazazi wote waliokimbia kutoka upande wa Beni hawakuitwa. Nilimuuliza kwa nini hakuenda. Akasema: "Sisi ni wageni hapa. Mgeni anaendaka kuchagua kwa nyumba ya watu?" Lakini kwa madarasa yale watoto wa waliokimbia ni wengi. Wanahesabiwa siku ya kulipa, hawahesabiwe siku ya kuchagua. Kwa Kivu yetu ya leo, komite ya wazazi ambayo haina hata muzazi mmoja wa wale waliokimbia ni komite ya nusu ya shule.

Sasa mutaniuliza: kujua majina kutasaidia nini? Swali ni zuri. Tutazame kwa jirani.

Uganda, mwanzo wa miaka ya 1990, serikali ilikuwa inatuma feza kwa kila shule ya msingi kulingana na hesabu ya watoto. Watafiti wawili, Ritva Reinikka na Jakob Svensson, walifuata ile feza kutoka Kampala mpaka kwa shule. Walikuta kwamba kati ya 1991 na 1995, kwa wastani, shule zilipokea 13 tu kwa kila 100. Zingine zote zilibakia njiani. Kisha serikali ikaanza kutangaza kwa magazeti kila feza inayotumwa, na shule zikaambiwa kubandika kwa ukuta kiasi kilichofika. Miaka michache baadaye, sehemu kubwa ya ile feza ilikuwa inafika. Wengine walisema si magazeti peke yake, kulikuwa mabadiliko mengine pia kwa namna ya kutuma feza, na ninafikiri wana haki kusema hivyo. Lakini jambo moja linabaki: muzazi hawezi kudai kitu asichojua kimetumwa.

Kenya nayo, sheria ya elimu ya 2013 inasema wazi nani anakaa kwa bodi ya shule: wazazi sita waliochaguliwa, mwakilishi wa walimu, wawakilishi watatu wa kanisa ao shirika lililoanzisha shule, na wengine. Ukisoma, unajua viti vingapi ni vyako. Uingereza, shule za serikali zinalazimishwa kutangaza majina ya wakubwa wa bodi yao, nani aliwachagua, muda wao unaisha lini, na kama wana biashara inayogusana na shule. Si kwa sababu Waingereza ni watu wazuri kutupita. Ni kwa sababu walikwisha kujua kwamba mutu anayejulikana anakuwa na haya.

Hata hivyo, kubandika majina peke yake hakutoshi, na hapa pia Uganda inatufundisha. Kulifanyika jaribio lingine kwa shule 100 za vijiji. Kwa komite zingine, walizipa karatasi ya kupima shule yenye maswali yaliyoandikwa na wataalamu. Kwa komite zingine, waliziacha zitafute maswali yao zenyewe: sisi tunataka kuangalia nini kwa shule yetu? Ni zile za pili njo zilionyesha matunda, walimu wakazidi kufika kazini na watoto wakasoma vizuri zaidi. Karatasi ilikuwa karibu sawa. Tofauti ilikuwa kwamba wazazi waliketi, wakabishana, wakakubaliana kitu chao.

Mimi ni mutu wa kilimo, na hii imenikumbusha kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilikuwa ndani ya kikundi cha vijana waliomaliza agronomia. Tulienda kwa shule moja ya kijiji kufungua bustani: mchicha, vitunguu, shu. Direkta akatupokea vizuri, tukapiga picha na watoto wakishika majembe, tukarudi mujini tukiwa na furaha. Likizo kubwa ikafika, jua likawaka, na hakuna mutu aliyenyunyizia maji. Mbuzi wakamaliza iliyobaki. Tulisema watu wa kijiji hawapendi maendeleo. Leo ninaona haya. Hatukuuliza komite ya wazazi hata swali moja. Hatukuuliza nani atashika ufunguo wa bustani wakati direkta hayuko, wala mboga ni za nani zikikomaa. Tulifanya sawa sawa na ile karatasi ya 6 000: tulikata neno kwa niaba ya watu, tukangojea makofi.

Kwa hiyo ukosoaji wa tatu ni kwetu, sisi tuliosoma. Tukienda kijijini tunaendaka kwa direkta, kwa padri, kwa pasteri, kwa chefu. Tunasalimia wakubwa, tunarudi. Tunajua kusoma hesabu, tunajua kuandika ripoti, na hatujawahi kuketi saa moja na yule mama muweka feza asiyeshika kisanduku. Kisha tunaandika maneno marefu juu ya elimu ya Kongo.

Ninajua mambo mawili ambayo mutu anaweza kunijibu. La kwanza: kwa hali yetu ya vita, na tuko chini ya état de siège tangu Mei 2021, kubandika majina ya watu wanaoshika feza kunaweza kuwaletea hatari. Ni kweli kwa mahali fulani. Basi tusibandike kwa barabara, tusome majina kwa mkutano wa wazazi, mbele ya watu wanaofahamiana. Wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, tuliona hapa Butembo na Beni kitu gani kinatokea kazi ikifanywa na watu wasiojulikana na wenyeji: hata jambo la kuokoa maisha lilikataliwa, na watu wakafa. Kule ambako wazee, mapasteri na wamama wanaojulikana walitiwa ndani, masikio yalifunguka. Hatari ya kutojulikana nayo ni hatari.

La pili: mutaniambia, basi wewe uliyesoma, ingia kwa komite. Hapo nasita. Tukiingia sisi, tutaongea Kifaransa, tutaleta projeti, na yule mama atanyamaza zaidi. Kiti cha muzazi ni cha muzazi. Kazi yetu, naona, ni ndogo na inahitaji uvumilivu: kuketi kando, kusoma karatasi kwa sauti mbele ya yule asiyeona vizuri, kuitafsiri kwa Kiswahili ao kwa Kinande, na kumuachia aamue.

Kwa hiyo ninaomba kitu kimoja tu kwa kila mwanamemba wetu. Ukirudi kijijini mara ingine, iwe kwa kilio ao kwa ndoa, pita kwa shule ya msingi na uulize maswali haya:

Watu wa komite ya wazazi ni nani, na walichaguliwa siku gani?

Kila mmoja wao ana mutoto kwa shule hii leo?

Nani anashika daftari ya feza, na mara ya mwisho wazazi walisomewa hesabu ni lini?

Wazazi waliokimbia vita wana mutu wao mule?

Na mutoto anaweza kurudishwa nyumbani kwa sababu gani, na nani anasaini?

Uliza kwa heshima. Usiende kama polisi. Direkta mwingine atafurahi, sababu mzigo wote uko kwa mgongo wake peke yake na hana mutu wa kumusaidia kuubeba. Mwingine atakasirika, na kasirani yake pia ni jibu.

Mumalize kwa kusikia habari ya nyumbani. Binti ya kaka alirudi kwa darasa. Baba mudogo alienda mwenyewe kwa direkta, akamuambia kwamba saini yake hakuitoa ili watoto wafukuzwe. Watoto wote wakarudishwa, si yeye tu, na mtihani akaufanya. Alifaulu, lakini kwa alama ndogo kuliko zile alizozoea, na mimi ninahesabu zile siku tisa.

Mwezi wa kenda uliofuata, kulikuwa mkutano wa wazazi. Nilimununulia baba mudogo miwani Butembo, ya kwa meza ya soko, si ya daktari. Kaka alienda pia, ilikuwa mara ya kwanza. Alinieleza kwa simu. Direkta alianza kama kawaida: tuna komite yetu, tuendelee nayo? Watu wakaanza kupiga makofi. Baba mudogo akasimama, akavaa miwani yake polepole, akasema: "Mbele ya makofi, mutusomee kwanza majina yetu. Na kila mutu aliyetajwa asimame, watu wamuone."

Walisimama watatu. Prezida hakuwa amekuja. Yule mudogo wake, hakuna mutu aliyemujua, hakuna aliyesimama. Wakaanza kuchagua upya viti viwili vile, na mabishano yakadumu mpaka magaribi. Kaka hakuchaguliwa. Alichaguliwa mama mmoja kutoka Oicha, naye amekimbia kama yeye, anauza mafuta ya ngazi kwa soko.

Walimu wale wawili, wakati ninaandika hii, wako bado bila mshahara. Komite mpya ilikubaliana maharagi na siku za kulima, na wazazi wengine hawaleti. Sijue kama itadumu. Lakini sasa kaka akikasirika, anajua mlango wa kupiga hodi.